Kombe la Jina Jema

Ipo methali moja tuliyoidekeza pwani hii kama kitinda mimba: funika kombe, mwanaharamu apite. Sina ugomvi na aliyeitoa mwanzo. Huenda chakula chake kilikuwa haba na mgeni wake mlafi. Ugomvi wangu ni na wanaoitumia leo, waliolitoa kombe jikoni wakalipeleka skuli. Kila pakivuma kwamba mwalimu kamtenda mtoto lisilosemeka, wao ndio wa kwanza kuinuka, na mkononi wana kifuniko. "Jina la skuli," watasema. "Skuli hii imetutolea madaktari na mahakimu. Tusiwape maadui la kusema." Mtoto huhamishwa. Mwalimu naye huhamishwa, kwenda skuli nyingine, kwa watoto wengine. Kisha jubilei ikiwadia huitwa mshairi, akaombwa beti za sifa, naye akaziandika.

Makala haya nayaandika dhidi ya kifuniko hicho, na dhidi ya washairi wanaokitia nakshi. Ushahidi wangu nitautoa mbali, Ujerumani, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mambo ya huko yamekwishachunguzwa na kuchapishwa, hata hapana atakayesema nimezua au nimemlenga fulani. Ya pili yatuhusu sisi wa fani hii: skuli nitakayoitaja haikuwa kichaka cha wajinga. Ilikuwa nyumba ya watu wasomaji, wapenda muziki na ushairi, na hilo ndilo lililoifanya ifunikike vizuri.

Jina lake ni Odenwaldschule. Ilikuwa katika kijiji cha Ober-Hambach, karibu na mji wa Heppenheim, jimbo la Hessen, ndani ya bonde lililozungukwa na misitu. Iliasisiwa mwaka 1910 na Paul Geheeb na mkewe Edith, na fedha zilitoka kwa baba yake Edith, tajiri Max Cassirer. Ilikuwa skuli ya binafsi, ya dakhalia, na tangu mwanzo iliwasomesha wavulana na wasichana pamoja, jambo lililokuwa nadra wakati ule. Nyumba zake zilipewa majina ya Goethe, Schiller, Herder, Fichte na Humboldt. Wito wake ulitoka kwa Pindar, mshairi wa Kiyunani wa kale. Klaus Mann, mwana wa Thomas Mann na mwandishi kwa haki yake mwenyewe, alipita pale akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wanazi walipoishika nchi, Geheeb alihama mwaka 1934 akaenda Uswisi, akaanzisha huko skuli nyingine.

Baada ya vita jina lilizidi kung'aa. Skuli iliingia katika mtandao wa skuli zinazoshirikiana na UNESCO. Mwanafunzi aliweza kujifunza useremala au ufundi wa chuma huku akijitayarisha kwa mtihani wa kuingilia chuo kikuu, na mimi niliyejifunza kila nikijuacho nje ya darasa siwezi kulibeza wazo hilo. Matajiri walipeleka watoto wao pale. Serikali nazo zilipeleka watoto waliokosa malezi nyumbani, na hao, kama tutakavyoona, hawakuwa na pa kukimbilia.

Fahari kubwa ya skuli hiyo ilikuwa kitu walichokiita "familia". Mwalimu alikaa nyumba moja na wanafunzi kadhaa, mlango kwa mlango, wakala pamoja na kuishi pamoja, na yeye akawa ndiye kichwa cha familia hiyo. Kijerumani kina "wewe" mbili, moja ya ukaribu na nyingine ya heshima; pale mwalimu na mwanafunzi walitumia ile ya ukaribu. Wageni walioitembelea skuli walirudi wakiisifu: hapana viboko, hapana vitisho, watoto wanacheka na walimu wao.

Mwaka 1972 ukuu wa skuli ulishikwa na Gerold Becker, aliyekuwapo hapo tangu 1969. Alikuwa amesomea theolojia, msemaji hodari, mtu wa haiba. Aliongoza hadi 1985. Katika miaka hiyo, na kabla yake, na baada yake pia, watoto walitendewa ukatili wa kijinsia na Becker mwenyewe na walimu wengine, akiwamo mwalimu wa muziki, Wolfgang Held. Wengi wa watoto hao walikuwa wavulana. Sitasimulia walilotendewa. Wenyewe wamesimulia, na sauti yao yatosha. Mmoja wao, Andreas Huckele, alitoa kitabu mwaka 2011 kwa jina la kupanga la Jürgen Dehmers. Kichwa cha kitabu ni swali: anauliza apige kelele kubwa kiasi gani zaidi. Mwaka 2012 kilipata tuzo ya Geschwister Scholl, na ndipo mwandishi alipojitokeza kwa jina lake la kweli.

Swali lile halikuwa la kupamba jalada. Mwaka 1998 Huckele na mwenziwe waliiandikia skuli yao ya zamani wakaeleza yaliyowapata. Walijibiwa kwa adabu, maneno yakazunguka ndani ya kuta, hapana dirisha lililofunguliwa. Wakaenda gazetini. Tarehe 17 Novemba 1999, gazeti la Frankfurter Rundschau lilichapa makala ya Jörg Schindler, na humo jina la Becker lilitajwa wazi. Msomaji afikirie: gazeti linalosomwa nchi nzima, mtu mashuhuri, tuhuma ya namna hiyo. Nini kilifuata? Karibu magazeti yote makubwa mengine yalinyamaza. Mwendesha mashtaka alisema muda wa kushtaki umekwisha. Becker aliacha nyadhifa zake kimya kimya, bila ya kujibu hadharani. Skuli iliendelea kupokea wanafunzi na kuanza kuitazamia sherehe ya miaka 100.

Ukimya huo ulidumu zaidi ya miaka 10. Mwezi Januari 2010, huko Berlin, mkuu wa skuli ya Kikatoliki ya Canisius, padri Klaus Mertes, alifanya jambo ambalo wakuu wa skuli hawalifanyi: aliwaandikia barua wanafunzi wa zamani wapatao 600 wa miaka ya 1970 na 1980, akawaambia kuwa amepata habari za watoto kudhulumiwa na mapadri wa skuli ile, na akawataka waliodhulumiwa waseme. Barua ikafika magazetini, nchi ikatikisika. Mwezi Machi Schindler akaandika tena juu ya Odenwaldschule, na safari hii watu wakasoma. Becker alitoa barua ya kuomba radhi mwezi huo huo. Mwezi Julai alifariki. Hakupata kusimama kizimbani hata siku moja.

Wanasheria wawili, Claudia Burgsmüller na Brigitte Tilmann, walikabidhiwa uchunguzi, na mwisho wa 2010 walihesabu watoto 132 kwa uchache. Hesabu hiyo haikutosha. Tafiti zilizotolewa 2019 zilikadiria kuwa walikuwa baina ya 500 na 900, na waliowatenda walizidi dazeni mbili. Chukua ile ya chini, 500. Ni skuli nzima, tena zaidi ya wanafunzi waliokuwamo kwa wakati mmoja.

Sasa niwageukie wanaosema hapa kwetu kwamba hayo ndiyo matunda ya uhuru wa Kizungu. Nimelisikia barazani zaidi ya mara moja: wavulana na wasichana wamechanganywa, mwalimu hapewi heshima, hapana shikamoo, basi walitaraji nini? Jawabu lake ni Canisius. Hiyo ilikuwa skuli ya mapadri, yenye nidhamu na sala. Na Ettal, skuli ya watawa milimani Bavaria, ambayo mambo yake yalifumuka mwaka huo huo wa 2010. Na huko Uingereza, Ampleforth na Downside, skuli kongwe za watawa, zilizotolewa ripoti na tume ya uchunguzi ya taifa mwaka 2018. Huku viboko, kule hapana. Huku kanzu, kule suruali ya jinzi. Na maradhi ni yale yale. Anayeisingizia heshima au anayeusingizia uhuru amekwepa kazi ya kutazama. Kilichokuwa sawa kote ni vitu viwili: mtoto hakuwa na mlango wa pili wa kubisha, na jina la nyumba lilipendwa kuliko waliolala ndani yake.

Juu ya mlango wa pili, hebu tuitazame tena ile "familia". Mtoto akidhulumiwa skuli ya kawaida humkimbilia mzazi. Akidhulumiwa nyumbani huweza kumwambia mwalimu. Odenwald mwalimu alikuwa ndiye mzazi, na mkuu wa skuli alikuwa ndiye mkuu wa familia mojawapo, na nyumba ilikuwa ndani ya bonde. Aende wapi? Neno tamu kuliko yote katika lugha, familia, ndilo lililofanywa kitasa. Mimi naogopa skuli inayojiita familia kuliko ninavyoogopa inayojiita jeshi, maana jeshini walau mtu anajua kuwa yuko jeshini.

Na juu ya jina. Waliolilinda jina la Becker hawakuwa wanene wa mitaani wala wala rushwa. Walikuwa wahariri, maprofesa, waandishi. Baada ya kuacha ukuu wa skuli mtu huyo aliongoza umoja wa skuli za aina ile na kuhariri jarida la elimu. Mwandani wake alikuwa Hartmut von Hentig, mwanaelimu aliyeheshimiwa mno Ujerumani, bingwa wa Kiyunani na Kilatini. Alipoulizwa na gazeti mwaka 2010, Hentig alidokeza kwamba labda, kwa uchache, mwanafunzi fulani ndiye aliyemshawishi Becker. Soma tena. Mzee aliyeishi miaka yote hiyo na maneno ya wenye hekima wa kale, na alipohitaji neno moja tu la haki, alimtwisha mtoto.

Hapa ndipo ushairi unapoingia, na nitakaa kidogo, maana hii ndiyo bahari yangu.

Uovu ule haukuwa bubu. Ulikuwa na msamiati, na msamiati wake ulikuwa mzuri. Miongoni mwa waasisi wa skuli za aina ile alikuwamo Gustav Wyneken, ambaye pamoja na Geheeb alianzisha skuli ya Wickersdorf mwaka 1906, kabla hawajagombana. Mwaka 1921 Wyneken alihukumiwa kifungo kwa kuwadhulumu wanafunzi wawili. Mwaka huo huo alichapisha kijitabu cha kujitetea, na jina alilokipa ni Eros. Hakusema kosa, hakusema tamaa. Alisema Eros, mungu wa mahaba wa Wayunani, akamkalisha Plato kizimbani mahali pake. Wasomi walisoma, wengine wakatikisa vichwa kwa kukubali, na neno hilo likabakia likielea juu ya skuli hizo kama udi juu ya uvundo. Kwa hivyo hapana wa kusema kwamba mwaka 2010 Wajerumani waligutuka usingizini. Kengele ilikuwa imekwishalia miaka 89 nyuma, hukumu ikiwa na muhuri wa mahakama.

Sisi wafasiri tuna faida moja: neno likihamishwa lugha huvuliwa nguo. Kijerumani changu ni cha kamusi na cha mazungumzo na wageni, sikukipata darasani, na huenda ndiyo maana maneno yake bado hunishtua. Neno linalotumika katika sheria na magazeti ya kule kwa dhuluma hii ni Missbrauch, yaani matumizi mabaya. Kalamu husita hapo. Ikiwa mtoto ana matumizi mabaya, matumizi yake mazuri ni yapi? Waliodhulumiwa wenyewe wamelipinga neno hilo, na wako wanaotaka isemwe "ukatili uliovishwa jinsia", ili ukatili utangulie. Chama walichokiunda wanafunzi wa Odenwald mwaka 2010 walikiita Glasbrechen. Kwa Kiswahili ni Kuvunja Kioo.

Lakini tusiwacheke wenzetu. Sisi husema mtoto "amenajisiwa". Je, najisi ni nani hapo? Sarufi imekwishajibu: ni mtoto. Aliyetenda ametoka msafi, na mtoto ndiye wa kutawadhishwa. Husema "ameharibiwa", kama samaki aliyelala bila ya barafu, na kitu kilichoharibika kila mtu anajua hutupwa wapi. Husema "amechezewa", kana kwamba palikuwa na mchezo na yeye aliucheza. Neno la maofisi ni "udhalilishaji". Hilo ni safi kidogo, lakini nalo humtoa mtoto akiwa dhalili, na mtenda akiwa ndiye mwenye nguvu za kumfanya mtu dhalili. Mimi nasema: huyo ndiye aliyejidhalilisha.

Tena tazama kauli. Kanajisiwa, kaharibiwa, kachezewa, kadhalilishwa. Zote ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa ina raha yake: mtenda halazimiki kutajwa. "Mtoto wa fulani kaharibiwa." Sentensi imekamilika, nukta imewekwa, habari imetembea mtaa mzima ikiwa na jina la mtoto na jina la baba yake. Nani kamharibu? Sarufi haidai, na sisi hatuulizi. Ningependa kuona mwalimu wa lugha mmoja akiwapa wanafunzi wake zoezi la kuzigeuza sentensi hizo ziwe za kutenda, kila moja na kiima chake.

Lipo na neno jingine, zito kuliko hayo, ambalo watu hulileta mwisho wakiona hoja zimewaishia: stara. Wasema Mwenyezi Mungu hupenda stara, na anayemsitiri mwenzake naye husitiriwa. Ni kweli. Lakini wazee wetu wa elimu walitofautisha baina ya kosa la mtu na Mola wake na haki ya mja mwenzake. Mtu akijikosea nafsi yake gizani, msitiri. Akimtoa damu mtoto wa mtu, ile si siri yake, ni haki ya mtoto, na hapana mtu mwenye mamlaka ya kuitoa sadaka haki isiyokuwa yake. Kama kuna wa kusitiriwa hapo ni mtoto: jina lake lisitembee, sura yake isipigwe picha, asisimuliwe barazani. Sisi tumepindua. Tumemvua mtoto tukamvisha mwalimu.

Nimesema sitataja skuli ya hapa, na sitataja. Lakini takwimu si umbeya. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania uliofanywa 2009 na kuchapishwa 2011 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 iwapo waliwahi kutendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimia miaka 18. Bara walijibu ndiyo karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana mmoja katika kila 7. Zanzibar hesabu zilikuwa chini: asilimia 6 ya wasichana, na asilimia 9 ya wavulana. Wapo walioishangilia tofauti hiyo kama ushahidi wa maadili yetu. Mimi niliona jambo jingine: visiwani wavulana waliosema ndiyo walizidi wasichana, na hao ndio tusiowalinda, kwa kuwa tumejiaminisha kuwa mtoto wa kiume hana la kupotea. Na asilimia 9 ni wale waliothubutu kumwambia mtu mgeni mwenye daftari mkononi.

Dakhalia zinaongezeka, za serikali na za binafsi, za elimu ya dini na za elimu ya dunia. Mzazi aliyeko ng'ambo hutuma ada, na humpeleka mtoto mahali penye jina. Mimi sipingi dakhalia. Napinga dakhalia ambayo mtoto akiwa na neno la kusema hana wa kumwambia isipokuwa yule yule anayemtuhumu, au rafiki yake, au shemeji yake. Katika visiwa vidogo kila mtu ni shemeji wa mtu, na hilo ndilo bonde letu la Ober-Hambach.

Watetezi wa kifuniko husema pia kwamba skuli ikifichuliwa itakufa, na watoto wasio na hatia watakosa elimu. Basi tuufuate mwisho wa Odenwald tuone kilichoiua. Baada ya 2010 walibadili mengi: uongozi, kanuni za nyumba, namna ya kuishi. Nakubali kuwa waliofanya kazi hiyo wengi wao walikuwa waaminifu. Lakini mwaka 2014 polisi walimpekua mwalimu mmoja wa hapo kwa tuhuma ya kumiliki picha chafu za watoto, na imani iliyobaki ikayeyuka. Wazazi hawakuleta watoto, fedha zikakauka, na 2015 skuli ikafungwa kwa kushindwa kulipa madeni yake, ikiwa na umri wa miaka 105. Haya, nani aliiua? Huckele na barua yake? Barua ile ya 1998 ilikuwa dawa, tena ya bure. Becker alikuwa hai, baadhi ya walimu wa wakati wake walikuwa hai, na jina la skuli lilikuwa bado na heshima ya kuweza kusema "tulikosa" na kusikilizwa. Miaka 12 waliyoipoteza ndiyo iliyowaua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nayo ni methali yetu, ila hii hatuidekezi.

Sheria za Ujerumani zilibadilika baadaye. Tangu 2013 saa ya muda wa kushtaki haianzi kuhesabu mpaka aliyedhulumiwa afike miaka 21, na tangu 2015 umri huo ukapandishwa hadi 30, kwa sababu walijifunza kwamba mtu huhitaji miaka mingi kabla ya kupata sauti. Kwa walionyamazishwa zama za Becker mabadiliko hayo yalikuja yakiwa yamechelewa.

Narudi kwa wenzangu wa kalamu. Nimeona beti za jubilei nyingi katika maisha yangu, vina vimepangwa kama shanga, mizani haikosi hata moja, na mwalimu mkuu kafananishwa na mwezi, na nahodha, na mti wa kivuli. Sisemi mwezi huo una doa. Nasema mtunzi hakutazama. Mhunzi akiombwa kutengeneza kitasa huuliza kinakwenda mlango gani. Mshairi anayeombwa sifa ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla hajashika kalamu: mtoto wa skuli hii akidhulumiwa humwambia nani asiyelipwa mshahara na skuli, malalamiko yaliyokuja miaka iliyopita yameandikwa wapi, na mwalimu wa mwisho aliyeondoka ghafla, aliondokea nini. Wakiudhika, wamekwishamjibu. Wakimwonyesha daftari, akaandike, tena aandike kwa raha.

Itasemwa kwamba naufanya ushairi kuwa polisi. Itasemwa pia kwamba ushairi ni fumbo, na fumbo ni ndugu wa siri. Si ndugu hata kidogo. Fumbo limetungwa ili lifumbuliwe. Mtunzi hufurahi likipata mwenyewe. Siri ya Odenwald ilitungwa ili aliyeijua aonekane mwendawazimu. Kwa miaka 10 na zaidi Huckele alikuwa mtu wa namna hiyo, mtu mwenye makala ya gazeti mkononi, iliyochapwa na iliyosomwa, na bado akitazamwa kama msumbufu na watu waliojua Goethe kwa moyo.

Nyaraka za skuli ile sasa zimo katika hifadhi ya serikali mjini Darmstadt. Barua, mafaili ya wanafunzi, kumbukumbu za vikao, yote yaliyokuwa yakifungiwa ndani ya bonde. Watafiti wamekwishayafungua, na wanaendelea kuyasoma.